Ganzi, Gesi au Nusukaputi: Mgonjwa Achague kwa Lugha Gani?

Kuna uwanja mmoja wa matumizi ya lugha ambao sisi tunaojiita wanaisimu tumeupuuza mno, nao ni kiti cha daktari wa meno. Tumeandika tasnifu kuhusu lugha ya mahakamani, ya bungeni, ya sokoni na hata ya makondakta wa matatu. Lakini mtu aliyelala chali, taa imemmulika usoni, kinywa kiko wazi na vidole vya mwenzake vimo ndani, hatujamshughulikia ipasavyo. Mazungumzo yote ya chumba kile yanamhusu yeye kuliko yeyote mwingine, ilhali hawezi kutamka lolote ila "aa". Neno alilo nalo sharti aliseme kabla hajakaa. Na katika maneno hayo hakuna lililo zito kama jibu la swali hili: kama una hofu, tukutulize kwa njia gani?

Swali lenyewe bado ni geni kwetu. Aghalabu mgonjwa huulizwa ni jino lipi, huchomwa sindano, husubiri kidogo, kisha koleo huingia kazini. Hata hivyo mambo yanabadilika. Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa kikiwafunza madaktari wa meno tangu miaka ya 1970, na Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret nacho kina kitivo chake cha taaluma hiyo. Kitale na Bungoma zina kliniki za kibinafsi kando ya hospitali za rufaa za kaunti, na anayesafiri kutoka Kitale kupitia Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye haachi kukutana na bango lililochorwa jino jeupe linalotabasamu. (Jino litatabasamu vipi, na lenyewe ndilo linaloonekana mtu akitabasamu, hilo nawaachia wenzangu wa semantiki.) Njia za kumtuliza mgonjwa zimeongezeka, na pale penye njia zaidi ya moja pana haja ya kuchagua. Hoja yangu ni kwamba uchaguzi huo hauwezi kuwa wa mgonjwa mpaka apewe maneno ya kuufanyia.

Tuanze na hofu yenyewe, maana wapo wanaoidharau. Msomaji anawajua watu wa aina hii, pengine ni mmoja wao: jino linauma tangu Pasaka, anatafuna upande mmoja, anaweka karafuu, anasukutua kwa maji ya chumvi, ananunua vidonge viwili viwili dukani, mpaka siku shavu linapovimba ndipo anapobebwa. Kuchelewa huko kuna gharama ambayo wengi hawaijui. Dawa ya ganzi hufanya kazi vibaya mahali palipo na uvimbe na usaha, kwa sababu nyama iliyoathirika huwa na asidi nyingi, na asidi hiyo huizuia dawa kupenya kwenye neva. Mwenye hofu basi huja akiwa amechelewa, aliyechelewa ganzi humshika nusunusu, na aliyeshikwa nusunusu huumia kwelikweli. Anarudi nyumbani akiwa na ushahidi wa kuwahofisha jirani, watoto na wajukuu. Huwezi kumwambia mtu kama huyo kwamba hofu yake ni ya kipuuzi. Imezaliwa na maumivu halisi, nayo imezaa maumivu mengine.

Kwa wanaume wa sehemu zetu kuna jambo jingine tena. Miongoni mwa Wabukusu, kila Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili, vijana hupelekwa jandoni, na anayetahiriwa kimila husimama mbele ya umati alfajiri, amepakwa tope, haruhusiwi kupepesa jicho. Mtu akishavuka pale, jamii inamhesabu kuwa amemaliza habari ya kuogopa chuma. Sasa mtu mzima wa miaka 50, mwenye wake na wana, mzee wa kanisa au mwenyekiti wa bodi ya shule, atamwambiaje binti aliyevaa koti jeupe kwamba anaogopa kisindano? Hasemi. Husema ana shughuli. Husema atakuja Jumatatu. Daktari akimuuliza, "Mzee, unaogopa?" jibu ni "La," na daktari, kwa nia njema kabisa, anaendelea na kazi kwa kudhani kuwa ameuliza.

Kiswahili kinatofautisha hapa kwa namna ambayo ingelitusaidia sana kama tungeizingatia. Woga ni tabia, na ndiyo sababu "mwoga" ni tusi. Hofu ni hali: mtu huingiwa na hofu kama anavyoingiwa na baridi, kisha ikamtoka. Wasiwasi nao ni hali ya moyo usiotulia kabla ya jambo kutokea. Anayeuliza "Unaogopa?" amegusa upande wa tabia, naye atajibiwa kwa kiburi. Anayeuliza "Ukikumbuka kwamba kesho unakuja kwangu, usiku unalala vizuri?" amegusa upande wa hali, na hakuna mzee anayeona haya kusema kwamba hakulala. Wataalamu wa nje waliligundua hilo zamani. Mmarekani Norman Corah alitunga mwaka 1969 maswali manne ya kupimia wasiwasi wa mgonjwa wa meno, na mwaka 1995 Gerry Humphris na wenzake wakayarekebisha na kuongeza la tano kuhusu sindano. Mgonjwa huulizwa angejisikiaje kama angekuwa na miadi kesho, akiwa chumba cha kungojea, akisubiri kutobolewa jino, kusafishwa meno, na kudungwa sindano kwenye ufizi. Kila jibu lina alama 1 hadi 5, na anayefikisha 19 kati ya 25 huhesabiwa kuwa na hofu kubwa inayostahili mpango maalumu. Katika maswali yote matano hakuna hata moja linalomuuliza mtu kama ni mwoga.

Sasa tuje kwenye njia zenyewe. Ya kwanza, na ya msingi, ni ganzi. Neno hili halikuhitaji kukopwa, na limetokea humo humo kinywani, kwani tangu zamani Mswahili aliyekula embe bichi au ndimu husema meno yake yamekufa ganzi. Dawa inayotumika zaidi leo, lidokeini, ilitengenezwa Uswidi na Nils Löfgren mwaka 1943. Kabla yake ilikuwepo prokeini, na kabla ya hiyo kokeini, ambayo Carl Koller alionyesha mwaka 1884 kuwa inaweza kuliganzisha jicho. Ganzi huzuia maumivu mahali ilipodungwa tu. Haigusi hofu, wala haizuii mtu kuhisi kusukumwa na kuvutwa. Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozuka. Mgonjwa ameambiwa "hutasikia kitu", na "kusikia" katika Kiswahili chetu ni pamoja na sauti, mguso, harufu na maumivu. Mara anasikia jino likisukumwa na mfupa ukilia ndani ya sikio lake, na hapo hapo anaamini kwamba amedanganywa. Laiti angeambiwa, "Utahisi nikisukuma, tena kwa nguvu, lakini hutaumia, ukiumia inua mkono wa kushoto nitaacha," hofu yake ingepungua nusu kabla dawa nyingine yoyote haijafikiriwa. Sentensi hiyo haina gharama, na haihitaji leseni wala mtungi.

Njia ya pili ni gesi ya naitrasi oksaidi, ambayo Mwingereza Humphry Davy aliichunguza na kuieleza mwaka 1800, nayo ikajulikana kwa jina la gesi ya kucheka. Historia yake ni ya meno tangu mwanzo. Horace Wells, daktari wa meno wa Hartford huko Marekani, aliiona gesi hiyo kwenye tamasha la kuburudisha watu, na kesho yake, tarehe 11 Desemba 1844, akaivuta mwenyewe huku mwenzake John Riggs akimng'oa jino. Mwezi uliofuata alijaribu kuwaonyesha madaktari wa Boston. Mgonjwa akapiga kelele katikati ya kazi, na wanafunzi waliohudhuria wakamzomea Wells. Walimu wanaosoma makala haya wanaelewa uchungu wa kuzomewa na wanafunzi kuliko mimi ninavyoweza kuueleza.

Siku hizi gesi hiyo huchanganywa na oksijeni, ikavutwa kwa pua kupitia kibarakoa kidogo. Mgonjwa hubaki macho, anasikia anapoambiwa na anaitikia, ila mwili umelegea na mambo yanaonekana ya mbali. Ikifungwa na kupewa oksijeni tupu kwa dakika chache, athari huisha karibu yote, na mtu mzima anaweza kurejea shughuli zake siku hiyo hiyo. Haimfai mwenye mafua aliyezibwa pua, na aghalabu huepukwa kwa mama aliye katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito. Kwa mtoto anayeweza kufuata maelekezo na kupumua kwa pua, naiona kuwa ndiyo njia ya upole kuliko zote. Tatizo ni kwamba inahitaji mashine, na si kila kliniki ya mji mdogo inayo. Tatizo jingine ni jina. Neno "gesi" masikioni mwa mkulima wa Chwele ni ile ya kupikia, au ile inayojaa tumboni baada ya maharagwe, au ile ya polisi ya kutoa machozi. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo mtu angependa kuivuta kwa hiari. Ni lazima ielezwe.

Ya tatu ni kidonge, mathalani diazepamu, kinachomezwa saa moja hivi kabla ya kazi. Ni rahisi, hakihitaji mtambo, na kwa sababu hiyo ndicho kinachonitia wasiwasi kuliko vyote. Urahisi wake hudanganya. Daktari hawezi kukiongeza au kukipunguza kidogo kidogo jinsi anavyofanya na gesi, kikishamezwa kimemezwa. Dawa hii hukaa mwilini kwa muda mrefu, na mazao yake huendelea kuwapo kwa siku kadhaa. Aliyemeza asubuhi hafai kuendesha bodaboda jioni, wala kupakiwa nyuma yake peke yake, maana anayesinzia hajui kujishikilia. Afuatane na mtu mzima. Tena kidonge hiki na pombe ni maadui wa pumzi: aliyepita mahali akapiga busaa kidogo "ili ajipe moyo", kisha akameza diazepamu, amejiweka katika hatari ya kupumua kwa shida au kutopumua kabisa. Swali la pombe basi lazima liulizwe, tena kwa namna ambayo mlokole hatalihesabu kuwa ni matusi na mlevi hatalikwepa. Fauka ya hayo, dawa hii ni ya kuandikiwa na daktari. Anayeinunua kichochoroni kwa sababu jirani alipewa anafanya mzaha na maisha.

Ya nne ni dawa ya kupitia mshipani, nayo aghalabu ni midazolamu. Hutolewa polepole huku daktari akimtazama mgonjwa, na kifaa cha kupima oksijeni kikiwa kimebanwa kidoleni. Mgonjwa hujibu akiitwa, lakini baadaye huenda asikumbuke chochote, na kwa mwenye hofu kuu kusahau huko ni neema. Ipo dawa ya kuitangua, flumazenili, ambayo inapaswa kuwa karibu. Njia hii inamhitaji mtu aliyeifunzwa hasa, na mwenzake wa kuangalia pumzi wakati yeye anashughulikia jino, kwa kuwa kinywa kinachofanyiwa kazi ndiyo hiyo hiyo njia ya hewa.

Ya mwisho ni nusukaputi. Wapo wanaolihusisha neno hili na Kijerumani, yaani mtu aliyekaribia kuwa kaputi, nusu ya njia ya kufa. Yawe yawayo, aliyelitunga alikuwa na jicho kali. Mgonjwa wa nusukaputi hajitambui, haitikii, na hawezi kulinda koo lake dhidi ya damu na mate. Hana budi awe hajala kwa saa 6 na hajanywa hata maji kwa saa 2, na awepo mtaalamu wa nusukaputi ambaye kazi yake ni hiyo tu. Uingereza, nchi ambayo kwa miongo mingi iliruhusu jambo hili katika kliniki za mitaani, ililikomesha mwishoni mwa mwaka 2001 baada ya vifo vilivyoweza kuzuilika, na tangu hapo hufanywa hospitalini pekee. Sioni sababu ya Kitale au Bungoma kujifunza somo hilo upya kwa watoto wake yenyewe. Mtoto mwenye meno kumi mabovu, mtu mwenye ulemavu asiyeweza kutulia, au jino lililojikunja ndani ya mfupa, hao wana haki ya nusukaputi katika hospitali yenye chumba cha upasuaji, na kama hapana budi wapewe rufaa hadi Eldoret. Mwingine yeyote anayeahidiwa "utalala tu uamke jino limetoka" katika chumba kimoja juu ya duka la vipuri aulize ni nani atakayekuwa akiangalia pumzi zake.

Nilimsindikiza shangazi yangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, katika kliniki moja ambayo sitaitaja. Alikuwa na jino la nyuma lililovunjika, na hofu ya tangu utotoni. Kijana aliyetuhudumia alikuwa mwenye adabu. Akasema, "Usijali mama, tutakulaza kidogo." Shangazi akanyanyuka, akachukua mkoba wake. "Kulazwa?" akaniuliza tukiwa mlangoni. "Kwa jino? Na ng'ombe atakamwa na nani?" Alikuwa amesikia kwamba atapewa kitanda wodini. Kijana alikuwa amekusudia kumlegeza kwa dawa ya mshipani akiwa macho. Nilipowapatanisha ikatokea kwamba hata mimi sikuwa na neno la kumpa kijana yule. "Tutakupa dawa ya usingizi" lingemaanisha nusukaputi. "Tutakupa dawa ya kutuliza" lingeeleweka kuwa ni ya maumivu, ile ya vidonge vya dukani. "Tutakulevya" lisingefaa kabisa mbele ya mama wa kanisa.

Kisa kile hakina mkosaji. Kilichokosekana ni istilahi. Kwa mizani ya taaluma ya meno kuna hali tatu ambazo Kiswahili cha kila siku kinazifunga katika furushi moja la "kulala": kulegea ukiwa macho na unaitikia, kusinzia hata ukaamka tu ukitikiswa, na kutojitambua kabisa. Tofauti kati ya ya kwanza na ya tatu ni tofauti kati ya kiti cha kliniki na chumba cha upasuaji. Napendekeza, na wenzangu wa vyuo vikuu wanikosoe, kwamba ya kwanza tuiite "kutulizwa hofu", daima kwa neno hofu likiwa pamoja nalo ili lisichanganywe na maumivu. Ya pili "kusinzishwa". Na ya tatu tuliachie neno nusukaputi ambalo watu wanalijua na kuliogopa inavyostahili. Neno "kulazwa" lifukuzwe kabisa katika chumba cha meno, libaki kwenye wodi.

Atasema mtu kwamba haya ni mambo ya wanaisimu wasio na kazi, na kwamba daktari mwenye foleni ya watu 30 hana wasaa wa semina ya msamiati. Foleni naijua. Lakini sheria ya nchi haikumpa ruhusa ya kuiruka hatua hii. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 8, inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama za kila moja, na haki yake ya kukataa. Inasema tena kwamba, inapowezekana, maelezo hayo yatolewe kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Katiba ya 2010 nayo ilikwisha kukifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hata hivyo fomu za ridhaa ambazo nimeziona zimeandikwa kwa Kiingereza kile kile cha mawakili, na mgonjwa huelekezwa kidole pale pa kutia sahihi. Katika Trans Nzoia, ambako chumba kimoja cha kungojea kinaweza kuwa na Mbukusu, Msabaoti, Mturkana na Mkikuyu, na Bungoma, ambako Mteso hukaa benchi moja na Mtachoni, Kiswahili ndiyo lugha pekee ambayo karibu wote wanakutana. Sahihi iliyo chini ya maneno yasiyoeleweka ni wino tu.

Hoja nyingine ina uzito zaidi. Wapo madaktari wanaosema kwamba kumweleza mwenye hofu habari za kupumua kwa shida na kusahau ni kumwongezea hofu. Nakubali kwamba maelezo yanaweza kutolewa kikatili. Lakini mwalimu yeyote anajua kwamba mtoto huogopa zaidi mtihani ambao hajaelezwa utakavyokuwa. Kinachotisha ni kile kinachokuja bila jina. Na mgonjwa ambaye amefichwa jambo akaligundua katikati ya kazi harudi tena kwa daktari yeyote.

Mimi ningeshauri nini? Kwa watu wengi wazima, ganzi iliyotiwa vizuri, ikapewa muda wa kushika, pamoja na ishara ya mkono na maneno ya ukweli, inatosha. Hofu ikizidi hapo, gesi ndiyo ifuate, kwa kuwa huja haraka na kuondoka haraka. Kidonge au mshipa ni kwa mwenye hofu kubwa ambayo imepimwa, si iliyokisiwa, na mbele ya mtu aliyefunzwa. Nusukaputi ni ya hospitali. Isiwe kwamba mwenye pesa anauziwa usingizi asiouhitaji, na asiye nazo anaambiwa akaze meno, yale yale yanayomuuma.

Narudi kwa walimu na wanafunzi, maana jambo hili linawafikia zaidi ya wanavyodhani. Katika shule za bweni ni mwalimu wa zamu anayeamshwa usiku kwa ajili ya jino, na ni yeye anayempandisha mwanafunzi kwenye matatu kesho yake. Aliye chini ya miaka 18 hawezi kujiamulia kuhusu dawa hizi. Mzazi au mlezi ndiye anayepaswa kuelezwa na kukubali, na simu ya mwalimu mkuu haichukui nafasi ya maelezo. Kwa mtahiniwa wa KCSE kuna la ziada. Diazepamu na jamii yake hudhoofisha uwezo wa ubongo kuhifadhi mambo mapya, na athari hiyo haiishi jioni ile ile. Aliyemezeshwa kidonge Jumanne asitegemee kukumbuka alichosoma Jumanne usiku, wala asiingizwe chumba cha mtihani Jumatano asubuhi huku bado anayumba. Ikiwa kazi haiwezi kungoja, daktari aambiwe wazi tarehe ya karatasi, naye atumie ganzi peke yake au gesi ikiwapo. Barua ya shule inayompeleka mwanafunzi kwa daktari wa meno basi itaje mambo manne: umri wake, dawa anazotumia, namba ya mzazi, na siku ya mtihani ulio karibu. Na mwalimu aliyemsindikiza abaki kwenye benchi pale nje, hata kama ana vipindi vya mchana, mpaka mtoto aweze kutembea bila kushikwa na kujibu anapoulizwa jina lake na leo ni siku gani.